Vyumba Mia Tano na Kumi na Viwili

Anayetaka kujua alizaliwa kijiji gani, baba yake alikuwa nani, na kama alikuwa Muha, Mrundi au mtu wa pwani, akaulize kwingine. Yeye mwenyewe aliulizwa maswali hayo miaka yote niliyomjua, sokoni Kibondo, kwenye ofisi za wilaya, hata msibani watu wakiwa wamekaa chini, na jibu lake lilikuwa moja: "Mimi ni fundi." Aliyetaka zaidi ya hapo aliambiwa alete redio yake mbovu. Hata dini yake hatukuijua kwa uhakika, maana Ijumaa mchana alifunga karakana na Jumapili akafunga tena, na hakuna aliyemwona akiingia popote. Nami sitasema zaidi ya alivyosema yeye. Nitamwita Fundi, kama tulivyomwita wote.

Alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwenye miwani iliyoshikiliwa na kipande cha waya mwekundu upande wa kulia. Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vitenge mjini Kibondo, mali ya mzee mmoja mwenye ndugu Tanga ambaye hakuacha siku ipite bila kutukumbusha kuhusu Tanga. Kazi ya Fundi ilikuwa simu za upepo, zile redio za mawasiliano zenye antena ndefu ambazo zahanati za mbali hutumia kuita gari la wagonjwa pale ambapo simu za mkononi hazishiki. Mimi nilikuwa muuguzi kwenye zahanati mojawapo ya hizo, upande wa Gwarama. Aliniita Nesi, nami nilimwita Mama.

Watu walimcheka kwa sababu ya masikio. Fundi wa redio alikuwa kiziwi nusu. Miaka mingi alikaa chumba cha redio kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, vifaa vya kusikilizia vikiwa kichwani kutwa, na kambi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012 alitoka na cheti cha utumishi na masikio yaliyochoka. Sauti nyembamba hakuzisikia kabisa. Ukitaka kuzungumza naye ulipaza sauti mpaka wateja wa vitenge wakajua habari zako. Redio alizipima kwa macho, kwa mshale wa kipimo chake, kisha akamwita yeyote aliyekuwa karibu na kumwambia, "Nisikilizie." Wapo waliosema serikali inachezewa, redio za wagonjwa anapewa kiziwi. Hao waliosema hivyo sikuwahi kuona wakitengeneza hata kengele ya baiskeli.

Ukimwomba kitu, neno lake la kwanza lilikuwa "oya," ambalo kwa Kiha ni hapana. Ungemwomba bisibisi, oya. Ungemwomba akuangalizie mtoto dakika moja, oya. Wageni walichukia wakaondoka. Sisi tuliomzoea tulibaki tumesimama tukaeleza shida yenyewe, moja kwa moja, bila kulia lia, naye alisikiliza kwa kukutazama mdomo. Akiona shida ni ya kweli alitoa, na alichokitoa hakukirudisha mikononi mwake kamwe. Mwenye duka aliwahi kumwomba aweke marobota ya vitenge karakanani kwa sababu bati la stoo lilikuwa linavuja. Oya. Mzee akamchukua kwa mkono akamwonyesha maji yanavyodondokea mali. Fundi akasogeza meza yake. Bati lilitengenezwa mwezi uleule, lakini marobota yalikaa pale miaka miwili, na Fundi akafanya kazi kiwiko kimoja kikiwa kimebanwa ukutani. Nilipomwambia adai nafasi yake alinishangaa. "Nilishampa," alisema, akaendelea kuunga waya.

Tena msidhani alikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi ukimpa mwakeye, salamu yetu ya Kiha, alikurudishia kwa kirefu: mmeamkaje, watoto wameamkaje, mihogo imeshika, yule mbuzi aliyekuwa anachechemea, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kiliishia wapi. Robo saa nzima mnasalimiana. Mtu huyohuyo akikaa mbele ya kazi yake angegombana nusu siku kwa ajili ya nafasi moja ndogo ndani ya chipu ambayo hakuna jicho linaloweza kuiona. Nilimuuliza mbona kwa watu ni mkarimu wa maneno na kwa mashine ni bahili. Akasema watu hawana vyumba vya kuhesabu.

Vyumba hivyo ndivyo ninavyotaka kuvieleza, kwa sababu bila hivyo humwelewi.

Mtabila ilipofungwa, vifaa vya kambi viligawanywa, na wilaya ikapata simu sita za upepo. Zilikuwa redio nzuri. Ndani ya kila moja mlikuwa na chipu ya kuchambua sauti, ambayo kazi yake ni kupokea mawimbi, kuchuja kelele na kutoa sauti ya mtu peke yake. Lakini kabla ya kutolewa kumbukumbu za chipu zilifutwa, kama utaratibu ulivyotaka, na lile chujio likafutika pamoja na mengine. Siku za jua tulisikilizana. Mvua ikianza, kelele zilikuwa kubwa kuliko mtu.

Mwanzoni mwa mwaka 2013 mama mmoja alijifungua kwangu salama kisha akaanza kutoka damu. Niliita hospitali karibu saa nzima. Walikuwa wananisikia kwamba kuna mtu anaita, lakini ni nani na anataka nini hawakuweza kujua, na mimi nilisikia tu kama mafuta yanakaanga. Mama yule alikufa mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Sitasimulia zaidi. Kesho yake niliifungua redio ukutani, nikaifunga nyuma ya bodaboda, nikaenda nayo Kibondo na kuibwaga juu ya meza ya Fundi.

Alisema oya. Chipu ni tupu, alisema, na chujio la kuiwekea hakuna, labda liandikwe upya kutoka mwanzo, na yeye si kiwanda. Nikamweleza. Kwa kuwa ilibidi nipaze sauti, duka zima lilisikia jinsi mama wa watu alivyokufa. Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akachukua kabrasha la kurasa za fotokopi lililoeleza chipu ile, akalifungua ukurasa wa kwanza, akaniambia nirudi kazini nimwachie redio.

Aliandika chujio lile kwa miezi kadhaa. Alipolimaliza ndipo tukagundua kwamba kuandika ilikuwa nusu tu ya kazi. Kumbukumbu ya chipu ilikuwa na vyumba mia tano na kumi na viwili, basi, hakuna cha ziada. Amri unazoipa chipu ziko za aina mbili kwa urefu: amri fupi hukaa chumba kimoja, amri ndefu hukaa viwili. Nyingi hazina ubishi, kila moja ina urefu wake. Ubishi uko kwenye amri za kuruka, zile zinazoiambia chipu iache hapa iende ikaendelee kule. Mruko mfupi unafika mahali pa karibu tu, vyumba mia moja na ishirini na saba kwenda mbele. Mahali pakiwa mbali zaidi lazima utumie mruko mrefu, nao unakula vyumba viwili.

Kwenye kompyuta yake kuukuu alikuwa na programu ya kuzigeuza amri alizoziandika kwa maneno ziwe namba za chipu, na ndiyo iliyochagua ipi iwe fupi na ipi iwe ndefu. Fundi aliiita Karani. Siku moja Karani akatoa jibu: vyumba mia tano thelathini na kimoja. Kumi na tisa vimezidi.

Wakati huohuo wilaya ilikuwa imemleta Mhandisi kutoka Dar es Salaam azikague redio zote sita aamue kama zifutwe kwenye orodha ya vifaa. Zikifutwa, tungesubiri mpya, na kila tuliyemuuliza mpya zinakuja lini aliinua mabega. Maana yake mvua nyingine ingetukuta na kelele, au bila redio kabisa. Mhandisi alikuwa kijana mstaarabu, nakiri. Alimpa Fundi shikamoo kwa sauti aliyoisikia, akakaa kwenye kigoda, akalisoma chujio lote. Akalisifu. Kisha akaonyesha ile namba ya Karani.

"Haitatosha, Mama," alisema. "Si mimi ninayekataa, ni hesabu."

"Ni hesabu ya mwoga," Fundi akamjibu.

Mhandisi akacheka kwa adabu. Alikuwa anakwenda Kasulu kwa kazi nyingine, akasema atapita tena baada ya wiki mbili, na siku hiyo ataandika ripoti yake. Alipotoka nilikaa kwenye robota la vitenge nikaisoma tena ile namba ya Karani. Fundi yeye alikuwa na hasira, na hasira ilimpendeza, ilimtoa miaka kumi mwilini.

Ndipo akanieleza uoga wa Karani. Karani anasoma mara moja tu, kuanzia juu kwenda chini. Akikutana na amri ya kuruka kwenda mahali palipo chini zaidi, mahali hapo bado hajapasoma, hajui ni mbali kiasi gani. Kwa kuogopa anauandika mruko mrefu. Baadaye akifika na kuona kumbe ilikuwa hatua kumi tu, hageuki kurekebisha. Anamwekea mgeni sahani mbili kabla hajajua kama mgeni ana njaa. Miruko ya namna hiyo ilikuwa arobaini na mmoja, na yote Karani aliipa vyumba viwili viwili.

Fundi alitaka kuanza upande wa pili. Kila mruko uwe mfupi kwanza, mpaka uthibitishe kwamba haufiki. Usiofika, urefushe. Lakini ukiurefusha umeongeza chumba, na kila kilicho chini yake kimesogea, kwa hiyo mruko mwingine uliokuwa unafika kwa shida sasa haufiki tena. Unarudi juu unapima upya miruko yote. Unafanya hivyo mpaka siku utakayopita kutoka juu hadi chini bila kurefusha hata mmoja.

Nilimuuliza itakuwaje kama hatutafika mwisho, tukawa tunazunguka tu.

"Utafika," alisema. "Mruko ukishapewa urefu haunyang'anywi. Iko arobaini na mmoja. Hata ikidai yote, itaisha."

Karani hakukubali kuamriwa hivyo, na Fundi hakuwa na njia ya kumlazimisha. Basi tukamwacha. Nilichukua likizo yangu yote ya mwaka ule kwa ajili ya kazi ile, na mume wangu aliponiuliza likizo gani ya kwenda kuhesabu vyumba ambavyo havipo, nilimjibu kwa ufupi uliomfunza asirudie kuuliza. Fundi alitandika mkeka karakanani, akaagiza maharage. Kila harage lilikuwa chumba kimoja. Mistari thelathini na miwili, kila mstari maharage kumi na sita, na mkeka ukijaa umejaa. Mruko tuliuonyesha kwa punje ya mahindi badala ya harage, na mruko mrefu ulikuwa punje na harage lake pembeni. Ukirefusha mmoja ulilazimika kusukuma maharage yote yanayofuata nafasi moja, mstari kwa mstari, mpaka chini. Magoti yalituuma. Mwenye duka alipita kila asubuhi kuuliza kama maharage yake yamemaliza kuhesabiwa yapikwe, na kila asubuhi aliambiwa oya.

Tulianza na vyumba mia nne na tisini, miruko yote ikiwa mifupi. Mara ya kwanza miruko kumi na mmoja haikufika, tukairefusha, ikawa mia tano na moja. Mara ya pili, kwa kusukumwa na ile, minne zaidi ikashindwa kufika. Mara ya tatu mmoja. Mara ya nne tulipita mkeka mzima, yeye nusu ya juu na mimi nusu ya chini, na hakuna kilichosogezwa. Mia tano na sita. Sijui kama nimewahi kufurahi vile kwa jambo lisilo mtoto kuzaliwa. Fundi aliandika namba zote kwenye daftari, akaanza kuziingiza kwenye chipu moja moja kwa mkono, mimi nikimsomea kwa kupiga kelele.

Tuliiwasha redio siku moja kabla ya Mhandisi kurudi. Ikapiga mluzi, ikanyamaza kimya. Fundi mluzi hakuusikia, ila aliuona usoni kwangu.

Kosa lilikuwa langu, na ni kosa la mtu wa kwetu. Sisi mtu akikwambia Jumatatu kwamba urudi siku ya tatu, unarudi Jumatano, kwa sababu leo ni siku ya kwanza. Ndivyo nilivyohesabu miruko ya nusu yangu: chumba ambacho amri imo nilikihesabu kuwa cha kwanza. Chipu haihesabu hivyo. Chumba ilipo ni sifuri, kinachofuata ndicho cha kwanza. Kwa hiyo kila mruko wangu ulipitiliza chumba kimoja, na mmoja wao uliangukia nusu ya pili ya amri ndefu, chipu ikaichukua nusu ile kama amri kamili, ikafanya mambo ambayo hakuna aliyeyaagiza.

Nilidhani atanifukuza. Nilifikiria mama yule wa damu, na mvua, na Mhandisi aliyekuwa njiani kutoka Kasulu na ripoti yake, nikajiona nimewaua watu kwa kuhesabu vibaya. Nililia palepale juu ya mkeka. Fundi alisubiri nimalize.

"Umehesabu kama mtu wa Gwarama," alisema. "Sasa hesabu kama chipu."

Akavuta kigoda, akakaa, akakunja mikono. Hakugusa harage hata moja. Nilirudia nusu yangu yote tangu asubuhi ile mpaka baada ya adhuhuri, naye akinitazama vidole. Katika kurudia niliona mruko mmoja ambao niliurefusha kwa sababu ya kosa lile, kumbe ulikuwa unafika mfupi. Nikanyoosha mkono niliondoe harage lake.

"Oya. Ulishapewa."

Nilimbishia. Nilimwambia hiki ni chumba cha bure, na yeye ndiye aliyegombana na Karani kwa ajili ya chumba kimoja kimoja. Nikamwambia ukaidi huu si hesabu tena. Nilikuwa sahihi, na bado naamini nilikuwa sahihi. Akaniuliza tunavyo vingapi vya akiba. Vyumba sita. "Cha saba cha nini?" akasema, na harage likabaki. Hapo ndipo nilipoona kwamba kanuni ile hakuitoa kwenye kabrasha la fotokopi. Ilikuwa yake tangu zamani, mashine ikamkuta nayo.

Usiku ule tuliziingiza upya namba nilizozirekebisha, na Mhandisi alifika kesho yake, mvua ikaja pamoja naye, ya kwanza ya msimu, milima yote kuelekea Kakonko ikiwa nyeusi. Mimi nilishukuru, maana kujaribu chujio siku ya jua ni kazi ya bure. Redio moja ilikuwa karakanani, nyingine tulikuwa tumeipeleka zahanati yangu na mwenzangu wa zamu alikuwa anaisubiri. Mhandisi akavaa vifaa vya kusikilizia, akamwambia mwenzangu amsomee majina ya dawa kutoka kabatini, yoyote, bila kurudia. Akawa anaandika. Dawa kumi na mbili zilisomwa na kumi na mbili zikaandikwa, na mbili kati ya hizo hata mimi zinanishinda kutamka. Akavua vifaa vile akampa Fundi kwa mikono miwili asikie mwenyewe.

Fundi akamrudishia. "Vaa wewe mwenye masikio."

Mhandisi alihesabu namba kwenye daftari, akazihesabu tena. Hakutafuta kisingizio, hilo nampa. Redio hazikufutwa. Lakini kwenye fomu aliandika kwamba zinaruhusiwa kwa muda, kwa sababu kazi haikufuata utaratibu unaotambulika. Mimi nilipandwa na hasira, nikasema maneno ambayo muuguzi wa serikali hapaswi kuyasema mbele ya mgeni. Fundi aliomba asomewe fomu kwa sauti, akasikiliza mpaka mwisho.

"Andika utakavyo," alimwambia. "Itasikika."

Zile redio nyingine tano alizijaza namba zilezile, moja baada ya nyingine, akianzia hospitali, kisha zahanati kwa zahanati. Vipuri alivifuata Kasulu, kwa wafanyabiashara wa Kikongo waliotoka kambi ya Nyarugusu. Kuna mmoja aliyekuwa akimwapia kila mara, "Mama, hii piesi iko bien, sikudanganye," na kila mara Fundi alisema oya, akatoa kipimo chake begani, akaipima piesi yenyewe palepale barabarani watu wakitazama.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa na mdomo mchafu kwa mashine. Aliweka vijiko vitano vya sukari kwenye chai, akamkemea kila aliyeweka viwili kwamba anajinyima. Hakukubali kosa lake mwenyewe hata siku moja: palipokuwa na waya umeungwa vibaya alisema ni panya, na kama palikuwa na panya karakana ile basi alikuwa na mkono wa kuungia waya. Aliandika kwa penseli na akafuta alichokimaliza ili karatasi itumike tena, kwa hiyo leo ukiniuliza chujio lake limeandikwa wapi, jibu ni ndani ya redio sita na si kwingine. Nilimsihi aandike kwa kalamu ya wino na akaniambia oya, na kwa hilo sikuweza kuithibitisha shida yangu kiasi cha kumgeuza. Bado linaniudhi.

Ila mtu asije kuniambia kwamba vile vilikuwa vituko vya bibi kizee na maharage yake. Nimewasikia wanaosema hivyo, wengine wana shahada. Baada ya siku ile, misimu miwili ya mvua ilipita kwenye zahanati yangu. Sisemi kwamba hakuna aliyekufa. Nasema hakuna aliyekufa kwa sababu nimeita nikawa sisikiki.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka 2015, mvua zikielekea kuisha, wakati barabara za Kasulu zilikuwa zimejaa malori yanayowapeleka Warundi wapya Nyarugusu na magari yetu mengi yalikuwa yameazimwa kwa kazi hiyo. Alikuja zahanati kwangu kwa bodaboda, sanduku la vifaa mapajani, kuikagua redio kama alivyofanya kila baada ya miezi michache. Alikuwa amelowa mpaka kwenye miwani. Nilimpa mwakeye, na badala ya robo saa alijibu neno moja tu, akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Nikamgusa mkono, ukawa wa moto. Nikahesabu anavyovuta pumzi, nikahesabu tena nikitumaini nimekosea. Alikuwa anakohoa wiki nzima na hakumwambia mtu.

Nilimlaza, nikamchoma sindano niliyokuwa nayo. Alisema oya kwa sindano, oya kwa blanketi, nami kwa mara ya kwanza sikusubiri kueleza shida. Nimonia ile haikuwa ya zahanati. Alihitaji hospitali, alihitaji oksijeni, na kutoka kwetu hadi Kibondo kwa bodaboda kwenye tope lile asingefika. Nikaiwasha redio.

Niliita hospitali ya Kibondo mara moja. Wakajibu. Nikasema mimi ni nani, nina mgonjwa gani, anavuta pumzi ngapi kwa dakika. Waliuliza shinikizo la damu, nikawapa. Wakasema gari moja limerudi sasa hivi kutoka njia ya Kasulu, linageuza, linakuja, nimweke mgonjwa amekaa. Muda wote huo Fundi alikuwa ananitazama mdomo. Nilipoirudisha redio mahali pake alinivuta mkono wa sare.

"Wamesemaje?"

Niliinama sikioni kwake nikapaza sauti kwamba gari limeshatoka.

"Umewaelewa mara ya ngapi?"

"Mara ya kwanza, Mama."

"Na wao?"

"Na wao mara ya kwanza."

Alifumba macho. Nilidhani usingizi umemchukua, nikakaa nimemshika ili asiteleze. Baada ya muda akafumbua jicho moja, akatazama juu.

"Mvua inanyesha?"

Juu yetu bati lilikuwa linapigwa kiasi kwamba mimi na mwenzangu wa zamu tulikuwa tunaelewana kwa ishara. Nikamwambia inanyesha sana. Akacheka mpaka kikohozi kikamkatiza, na hakutaka nimfute machozi.

Gari lilifika. Aliishi hospitalini siku tisa, akawasumbua wauguzi wote kwa oya zake, kisha akafa. Mazishini nilisikia mtu akieleza kwamba angepona kama gari lisingechelewa, kwamba huko Gwarama mnaita mpaka mnachoka. Nilisimama katikati ya watu nikambishia, na nitambishia yeyote atakayerudia, maana mimi ndiye niliyekuwepo: niliita mara moja, wakajibu mara moja, na mvua ilikuwa inanyesha.